Mwenye Lori Aje na Lori Lake

Kinondoni, Dar es Salaam
14 Juni 2003

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Juni haijakuzidi, na mguu wa baba umepona. Mimi sijambo, ni joto la huku tu linalonichosha. Umeniandikia kwamba chumba changu mmekijaza mbegu za viazi. Nilicheka, kisha nikahuzunika kidogo, maana unajua nilivyoapa kutorudi nyumbani Soni bila kazi.

Uliuliza nafanya nini huku. Naandika maktaba ya programu kwa lugha ya C, yaani vipande ambavyo waandishi wengine wa programu huvichukua na kuvitumia. Yangu huandika XML, mtindo ambao kila taarifa hufunguliwa kwa jina na kufungwa kwa jina lilelile, ili kompyuta yoyote iielewe. Bosi alisema wateja wakiikataa, mkataba wangu haongezi.

Basi wakaikataa. Mmoja alitaka maandishi yaende kwenye diski, mwingine kwenye printa, mwingine yapite laini ya simu. Mimi na ukaidi wangu nikawa namwongezea kila mmoja njia yake humo ndani, mpaka ikawa vurugu tupu. Sefania, tunayekaa naye meza moja, aliniambia nimekuwa mama lishe anayempikia kila mteja chungu chake. Nilinuna siku nzima.

Halafu nikakukumbuka wewe gulioni. Unapanga kabichi kwenye tenga, unafunika kwa majani ya migomba, unafunga, basi. Hujawahi kuuliza litapanda lori gani. Mwenye lori anakuja na lori lake. Nikafuta zile njia zote. Sasa maktaba yangu inaandika na kufunga tu, na anayeitumia analeta funksheni, yaani kipande chake mwenyewe cha programu, cha kupokea maandishi na kuyapeleka atakako. Wateja wote wamekubali, na Sefania mwenyewe kanisifia.

Sasa mama, kuna jambo nimelifanya bila kukuuliza, na najua umeshawatangazia wenzako wa jumuiya kwamba mwanao ni mtu wa Dar. Mteja mmoja ni mradi wa kupima udongo hapo Lushoto, jirani na Soni, na wanataka mtu wa kukaa nao. Bosi aliuliza nani ataiweza baridi ile. Wenzangu wakainamisha vichwa. Mimi nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Wananisifu kwa kujitolea, nami sijawaambia kwamba huko ni nyumbani.

Nisalimie mdogo wangu Silvano na majirani wote. Mwambie baba atafute pengine pa kuweka mbegu zake. Mwisho wa mwezi nalala chumbani kwangu.

Mwanao akupendaye,
Sesilia