Mabomba Sita kwenye Ukuta wa Dada

Jumatatu, 4 Novemba
Inatangazwa rasmi, kwa heshima zote na bila tarumbeta: leo saa nne asubuhi mabomba yangu yamepigwa picha! Mkaguzi wa umeme mwenyewe, kwa simu yake. Mabomba sita ya nyaya, matatu juu matatu chini, yamebanana kwenye ukuta wa nje wa duka la udobi la Dada kama askari wa gwaride. Moja kwa kila mashine ya kukaushia. Mkaguzi kasema hajaona kazi nyoofu hivi. Akapitisha. Dada kaita majirani waje kutazama—huyu ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Nina miaka hamsini na miwili. Nilisimama pale kama bwana harusi.

Jumatano, 6 Novemba
Mashine zote sita zimeanza kazi. Mchana nilishika bomba la chini, la katikati. Ndivyo alivyonifundisha fundi wangu: weka kiganja, hesabu mpaka joto likushinde. Nilifika kumi na nne. Hm. Dada kauliza nafanya nini na ukuta wake. Naupima homa, nikamjibu. Kacheka mpaka kashika mbavu.

Alhamisi, 7 Novemba
Tisa.
Nimefungua jedwali la nyaya. Waya ule, bomba lake likiwa peke yake hewani, hubeba ampea sitini. Ukilazwa na wenzake watano, bomba kwa bomba, joto halina pa kwenda—watu sita kitanda kimoja—unabeba hamsini tu. Mashine inavuta hamsini na nne. Na breka niliyoweka haikati umeme mpaka upite sitini! Itakaa kimya kama mgeni anayeona chungu kinaungua.
Dawa ipo: kuyaachanisha mabomba, nafasi ya kiganja kati ya moja na jingine. Umeme uzimwe siku nzima.
Mke wangu kasema nimwambie Dada. Nikasema kesho. Kasema kesho yangu imeshaota ndevu.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimemwambia. Nusu.
Nilisema jua la mwezi huu ni kali, tuzime siku moja niyasogeze mabomba. Dada ana mashuka ya hospitali, wodi tatu, mkataba wake wa kwanza. Yasipofika kesho jioni, kazi inakwenda kwa mwingine. Jua, kasema, lilikuwepo tangu enzi za babu. Basi tuwashe nne tu, nikaomba. Akanitazama.
"Mdogo wangu, ungekuwa na shaka ungeniambia kabla mkaguzi hajaja."
Nimetundika shuka kuukuu ukutani, mabomba yapate kivuli. Fundi mzima!
Saba.

Jumamosi, 9 Novemba, saa nane mchana
Nne.
Nimekalia ndoo nyuma ya duka. Mashine tano zinanguruma. Ya sita Dada anaipakia. Kuna harufu ya plastiki iliyosahauliwa jikoni. Nilikwenda kuzima swichi kubwa—ina kufuli, ufunguo uko shingoni mwa Dada. Mimi ndiye niliyemshauri afunge, watu wasije wakachezea.

Sasa niseme ukweli, maana daftari halina mdomo. Si jua. Wala sikulisahau jedwali. Jumapili iliyopita mabomba yalikuwa yameachana, nafasi ya kiganja, kama nilivyochora mwenyewe. Hayakupendeza. Pale kando ya dirisha yalionekana kama meno ya mzee. Mkaguzi anakuja kesho, nikawaza, na Dada ataita majirani. Nikayafungua yote, nikayabana. Jedwali nililikumbuka, bisibisi mkononi. Nikajiambia nje kuna upepo.

Dada kachungulia dirishani, ufunguo unaning'inia kifuani.
"Mdogo wangu, niwashe ya sita?"
Anangoja, anatabasamu vile vile kama Jumatatu. Anadhani naandika vipimo.