Plastiki Haiozi

Jumatatu, 6 Mei
Siafu kavunja kiatu! Sasa hivi tu. Nilimweka chini hapa stoo, nikageuka kukunja soksi, paa! Kile kiatu cha manjano cha kupandia mlima kimedondoka toka rafu ya chini na kupasuka kama yai. Binti yangu, meno sita mdomoni, kakaa katikati ya vipande ananichekea. Nimembusu kwanza, hofu baadaye. Ganda gumu vile! Ukutani baba mkwe, mwenye duka, kaandika kwa rangi nyekundu: VIATU VYA KUKODI. PLASTIKI HAIOZI. Vipande nimevificha kwenye mfuko wa nepi.

Jumanne, 7 Mei
Baba mkwe leo kaanza tena hadithi yake. Zamani watu walipanda na viatu vya ngozi. Ngozi inalowa, inaganda, vidole vinabaki huko juu. Ndipo ikaja plastiki, ganda nje, kiatu laini ndani. Foleni hadi barabarani! Watu waligombea saizi arobaini na mbili kama wanagombea mchumba. Akanunua jozi mia mbili. Halafu vikaja hivi vyepesi vya kitambaa, kila mgeni anakuja na vyake. Fasheni hiyo, anasema, itapita. Watarudi tu, mwanangu. Miaka kumi na minane anawangoja. Kazi yangu mimi ni kuvianika juani kila Jumamosi, visipate ukungu.
Jioni mume wangu kaingia anaruka. Kapandishwa! Miaka mitatu mpagazi wa kambi ya chini, Alhamisi anaondoka na wageni hadi kwenye barafu. Baba yake kamzawadia jozi ya bluu, eti mpya. Mpya! Labda haiozi kweli, lakini umri wa kuozwa inao.

Jumatano, 8 Mei
Vile vipande nimempelekea fundi wa viatu. Kakivunja kimoja kwa vidole, kama biskuti. Plastiki hii inazeeka hata ikikaa kabatini, kasema, na jua ndilo linaloimaliza. Jua! Na mwanikaji nani? Mimi, mkwe mwema. Tena haitoi taarifa. Nje inang'aa, ndani imekwisha. Ikipasuka kwenye barafu, mguu unabaki na soksi.
Nikamwambia mume wangu. Kacheka, eti siku hizi Siafu ndiye mkaguzi wa viatu? Nikakazana. Akasema baba kanivalisha mbele ya wenzangu wote, nivivue kwa uso gani?
Basi nikamwendea baba mkwe mwenyewe, vipande mkononi. Kavitazama weee. Kasema mtoto ana nguvu huyu, kamrithi babu yake. Lakini hakucheka.

Alhamisi, 9 Mei
Gari linakuja saa mbili. Nimeamka mapema, nikachukua nyundo, kwa nia njema kabisa. Cha kushoto cha ile jozi ya bluu nimekigonga mara tatu. Hata mkwaruzo! Siku ninayotaka kipasuke ndiyo siku kimekumbuka ujana wake. Mume wangu kasimama mlangoni, mswaki mdomoni, ananitazama mimi, anaitazama nyundo.
"Si umeona? Chuma hicho, Mama Siafu."
Nikasema ngoja nijaribu na cha kulia. Kaninyang'anya nyundo. Kwa upole, lakini kaninyang'anya.
Fundi kaniazima vyake vya ngozi. Vinanuka, ila soli nzima. Nimevisokomeza kwenye begi lake chini ya sweta. Asipovivaa, angalau avibebe. Mzigo kauzoea.
Sasa yuko uani anavaa. Anajikanyagisha, du, du, ili baba yake asikie. Baba mkwe kaja kumuaga, kasimama getini. Macho yote kwenye miguu ya mwanawe. Siafu mgongoni kwangu analala. Naandika huku namchungulia. Nadhani atakuwa salama, kwa sababu fundi amesema ngozi ikipakwa mafuta vizuri ina—
Ananiita.
"Mama Siafu! Njoo! Baba, na wewe njoo uone! Cha kulia kimepasuka!"