Kigae cha Agneša Hakijafika Juu

Mpendwa mshauri Valéria, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana baada ya hapo sijui nitaweka wapi uso wangu.

Mimi ni Vendelín, nina miaka sabini na minne, naishi na mke wangu Terézia chini ya ngome, na unajua kwetu hakuna anayepanda kilimani mikono mitupu, pale mwanzo wa njia kuna rundo la vigae na kila mtu huchukua kimoja akawapelekea mafundi wanaoezeka upya paa la kanisa dogo la huko juu ngomeni, na ukitaka unaandika jina. Binti yetu Agneša alimaliza likizo zake zote huko akichanganya chokaa na kikundi cha ukarabati, mpaka alipougua saratani ya damu akatutoka akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo kila mwezi wa tano mama yake alikuwa akipanda na kigae. Sasa ni mwaka wa pili Terézia yuko kwenye kiti cha magurudumu, kiharusi kimempooza upande wa kulia, na njia ile ni mawe na mizizi mpaka getini, kiti hakipiti hata hatua kumi.

Mwezi wa tano uliopita aliandika jina la Agneša kwenye kigae kwa mkono wa kushoto, ilimchukua siku tatu, herufi zimelala kama zimelewa, akanipa mimi nikipeleke, nami nikaondoka vizuri tu lakini kwenye kona ya tatu, penye benchi, kifua kikanibana nikadhani ndiyo siku yangu. Nilikaa pale karibu saa nzima. Kisha nikakificha kile kigae nyuma ya benchi, nikakifunika majani, nikasubiri tena kidogo ili muda utoshe mtu kufika juu na kurudi, nikashuka.

Terézia akaniuliza, "Wamekiweka wapi?"

Nikamwambia, "Upande wa mashariki, safu ya pili kutoka chini. Jua la asubuhi linakipiga vizuri."

Nani aliniuliza habari za jua? Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiomba nimgeuzie kiti dirishani, anaitazama ngome anasema, "Agneša sasa hivi anaota jua," nami nasimama nyuma yake na kikombe cha chai mkononi mpaka chai inapoa.

Ningezeeka na uongo wangu, lakini Jumapili alikuja Dušan, mkuu wa kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea, akasema, "Shangazi Terézia, Jumamosi jiandae. Wanaume wanne, kiti kimoja, mikanda mipya. Tunakupandisha hadi kanisani."

Terézia akacheka, sijamsikia akicheka tangu kiharusi. "Mtaniangusha nyie, mmezidisha bia!"

"Tukikuangusha, mzee Vendelín atakudaka. Si ndiye anayetangulia mbele?"

Ameshaita mtu wa kumtengeneza nywele. Jana aliniambia, "Nitakigusa kwa mkono wangu, mzee wangu, halafu nikifa nife."

Nimefikiria kuandika kigae kingine, lakini mwandiko ule siwezi kuuiga. Nimefikiria kusema upepo umekivunja. Kuhusu kifua, ambacho mpaka leo kinanibana, hajui, wala daktari hajui, maana mimi ndiye miguu yake, na akijua nami nimechoka ataomba apelekwe nyumba ya wazee ili anipumzishe, namjua. Nimwambie ukweli nimvunje moyo, au niseme nini?

Vendelín, chini ya ngome

*

Mzee Vendelín, pole. Pole kwa binti, pole kwa miguu ya mkeo, pole kwa kifua chako.

Sasa nisikilize. Umeniandikia ukitaka nikutafutie uongo wa pili, ulio bora kuliko wa kwanza. Sina. Nina hasira nawe, na si kwa sababu ya kigae. Kifua kinabana mwaka mzima na unanyamaza? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukianguka jikoni kesho, Terézia atakuona kutoka kwenye kiti chake na hataweza kukufikia. Hilo umelifikiria?

Leo, baada ya chakula cha mchana, kaa upande wa mkono wake mzima. Mwambie yote: kona, benchi, majani, kifua. Usimwambie ulifanya kwa ajili yake. Atalia, huenda akakurushia kikombe, kipokee. Siku kadhaa hatataka kugeuzwa dirishani, na hilo litakuuma kuliko matusi. Vumilia, umelipanda mwenyewe.

Kesho nenda kwa daktari. Kesho, si baada ya Jumamosi. Kisha mwambie Dušan kwamba hutatangulia mbele ya mtu yeyote. Atafute wengine wakubebe nawe hadi kona ya tatu, na uache aibu.

Mkifika penye benchi, wasimame, mmoja afukue majani. Nani aibe kigae? Kitakuwepo, na kama kimepasuka, waokote vipande. Wampakatishe Terézia. Kwenu hakuna anayepanda mikono mitupu, naye asiwe wa kwanza. Wao watambeba yeye, yeye atambeba mwanawe.

Wewe utabaki kwenye benchi lile lile. Hutamwona akiwakabidhi mafundi kigae, na hiyo ndiyo hasara yako, siwezi kukupunguzia. Lakini akishuka, muulize wamekiweka wapi, kisha unyamaze, umwache akueleze.