Siku Nne Nilizonyamaza

Biharamulo,
Jumapili mchana.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Mpe na Mama shikamoo yake kabla hujaendelea, maana najua unamsomea kwa sauti. Goti lako linasemaje? Na huko Kilosa mvua imewaachia, au bado mnavuka barabara mmekunja suruali? Mimi mwili wangu hauna ugonjwa. Uliochoka ni moyo, na ndio unaoandika leo.

Najua shemeji Hamisi, aliyeleta lori la mahindi huku, amewaambia nimekamatwa na polisi. Sikukamatwa. Nilihojiwa siku tatu ofisini. Lakini kosa lilikuwepo, na sehemu yake ni yangu. Nataka ulisikie kwangu.

Niliwahi kukuandikia kwamba kule kambini Ngara nilikuwa natunza kompyuta kubwa, tunaiita seva, yenye majina ya wakimbizi wote: kadi ya chakula, watoto, na nani ameomba kurudi Burundi. Wezi walipoingia kwenye kompyuta za ofisi nyingine, bosi wetu, Bwana Kaijage, alitaka tujue njia zao ili tuzizibe. Akatupa kompyuta mbili chakavu, tukaziweka kwenye kontena lililokuwa la unga, zimeunganishwa zenyewe tu, zisiguse za ofisi. Moja aliifanya nakala ya seva yetu, bila majina ya watu. Kazi yetu ikawa kukaa kwenye ile ya pili na kuivamia nakala kwa mbali, kama wezi.

Tulikuwa wawili, mimi na Saveri. Saveri ni mkimbizi, alikuwa mwalimu wa hesabu Muyinga, huko Burundi, kabla ya vita, na pale ofisini alikuwa mkalimani. Mtu mpole, anayenoa penseli kwa wembe hadi inachoma.

Wiki nzima tulishindwa. Tulikuwa tumepata mwanya wa kuiamuru nakala itupigie sisi, kama wewe, ulipokuwa kazini reli, ulivyokuwa ukimwambia mwenzako wa stesheni ya mbele akupigie yeye. Tunaamuru, tunangoja, kimya. Nikabadilisha waya. Nikazima kinga zote. Kimya. Bati linawaka, jasho linadondoka kwenye vitufe. Siku ya saba Saveri akatazama daftari lake.

"Dada Rehema, hebu nisomee anwani ya kompyuta yetu leo."

Nikamsomea.

"Basi inatuita kwa anwani ya jana."

Kumbe kila jenereta likizimwa, kompyuta yetu ilikuwa ikipewa anwani mpya, na sisi tumeshikilia ya zamani. Baba, ni simu iliyokuwa ikilia kwenye nyumba iliyohamwa! Tukasahihisha, laini ikashika hapo hapo.

Lakini tuliingia kama mtu wa kawaida, asiyeruhusiwa kubadilisha kitu. Kupanda hadi mamlaka ya msimamizi kulinichukua siku mbili zaidi za kupekua. Nikaona kuna kazi ambayo seva huifanya yenyewe kila baada ya dakika chache, ya kuhifadhi kumbukumbu, tena kwa mamlaka ya msimamizi. Faili la maagizo ya kazi hiyo lilikuwa limeachwa wazi, yeyote angeweza kuandika ndani yake. Nikaongeza mstari mmoja, tukangoja. Mara ile nakala ikanitii kwa kila kitu. Nilipiga vigelegele ndani ya kontena.

Saveri hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na ile ya ofisini?"

"Hii ni nakala yake, faili kwa faili."

"Kwa hiyo nayo iko wazi."

"Nadhani iko wazi."

Ningekwenda kwa Bwana Kaijage saa ile ile. Sikwenda. Nilitaka kumwandikia ripoti nzuri yenye michoro, aone kwamba mimi si msichana wa kubadilisha wino wa printa tu. Nikaichonga ripoti yangu siku nne, na siku zote hizo nilijua mlango uko wazi.

Sasa, Saveri ana dada yake, Konsolata, mjane mwenye watoto watatu. Kwenye orodha ya wanaorudi Burundi lilibandikwa jina lake, lori la Alhamisi. Konsolata hakuwahi kuomba kurudi. Waliomuua mumewe ndio wanaolima shamba lake. Saveri alikuwa ameandika malalamiko mara tatu, kila mara anajibiwa asubiri. Yote haya sikuyajua.

Jumanne asubuhi nilifungua kumbukumbu za seva kama kawaida. Nikaona mtu ameingia jana yake saa saba mchana, wakati wa chakula, kutoka meza ya mkalimani, kisha amepanda hadi msimamizi kwa njia yangu ile ile. Alibadilisha jambo moja tu. Jina la Konsolata lilikuwa limetoka kwenye lori.

Kumbukumbu zile nilikuwa nazisoma peke yangu, na kuufuta mstari ule ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nikamwita Saveri nyuma ya tangi la maji.

"Nilijua utaona," akasema.

"Mbona hukufuta? Unajua kufuta."

"Ningefuta, ningekuwa mwizi. Mimi nimesahihisha."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia, tungekuwa wawili katika kosa."

"Saveri, tayari tuko wawili. Mlango nimeuacha wazi mimi."

Nikamwambia ninakwenda kwa bosi. Akasema polepole, "Watamrudisha kwenye lori." Nikamwomba nakala za malalamiko yake. Alikuwa nazo mfukoni, zimekunjwa ndogo sana.

Niliweka mezani kwa Bwana Kaijage ripoti yangu, kumbukumbu za seva na zile barua tatu. Alisoma amesimama.

"Siku nne, Rehema! Majina ya watu wanaowindwa, na mlango wazi siku nne!"

"Ndiyo, mzee. Ila naomba Konsolata aulizwe mwenyewe kabla ya lori."

"Ataulizwa."

Siku ile ile niliuziba ule mwanya, yeye amesimama nyuma ya kiti changu. Ilikuwa kazi fupi kuliko kuchemsha chai. Jina la Konsolata likarudishwa kwenye orodha ya lori kama lilivyokuwa, na mimi na Saveri tukaanza kuhojiwa, kila mtu chumba chake.

Alhamisi asubuhi bado nilikuwa kwenye kiti cha kuhojiwa. Dirishani niliona malori yamewashwa, watu wanapakia magodoro na masufuria. Kisha nikamwona Konsolata. Watoto wawili walikuwa wameshapandishwa, yeye amembeba wa tatu. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Nikamwambia mkuu wa ulinzi aliyekuwa akinihoji, "Sijibu swali lingine mpaka mama yule aulizwe."

"Unajiongezea matatizo, binti."

"Niandikie na hilo."

Alifunga faili kwa hasira, akatoka. Nilidhani anakwenda kuita polisi. Alikwenda kwa Bwana Kaijage, na nikawaona wote wawili wanavuka uwanja na afisa mmoja mwanamke anayejua Kirundi. Lori lilikuwa limeanza kusogea. Bwana Kaijage akapiga bodi la lori kwa kiganja. Nilisikia swali, kisha nikamsikia Konsolata akijibu kwa sauti iliyofika mpaka dirishani: "Oya! Oya!" Kwao ndiyo hapana. Watoto wakateremshwa mmoja mmoja.

Konsolata yupo kambini mpaka kesi yake isikilizwe. Saveri amefukuzwa kazi na haruhusiwi kukanyaga ofisi yoyote. Mimi nimeletwa huku Biharamulo kutunza redio na jenereta, na seva siigusi tena. Nimepanga kwa Mama Oliva, mwenye shamba kijiji cha Bisibo. Ananilazimisha kula, na ananisahihisha kila ninapojaribu kusalimia kwa Kisubi, lugha ya huku.

Kabla sijaondoka Ngara nilimkuta Saveri kwenye uzio. Nikamwambia pole. Akasema, "Ulinitaja mimi. Lakini ulimtaja na Konsolata." Akaenda zake. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa msamaha.

Nisalimie Mama, na umwambie kazi ninayo bado. Msalimie kaka Juma na wifi, na shangazi anayewauzia maandazi wanafunzi. Mdogo wangu Zuhura mwambie asome hesabu, atanielewa. Na jirani yeyote akikuuliza habari zangu, usinitetee, Baba. Mwambie mwanangu alikosa, kisha akaenda kusema mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Rehema