Aliyeanguka Kutoka Paa la Mzee Kichizo

Kaka yangu Tadahiro,

Habari za Miyazaki? Wifi yangu Nahoko na watoto hawajambo? Natumaini kile kikohozi cha wifi kimekwisha. Huku Kamizori theluji imeshayafunika madirisha ya chini, taa tunawasha mchana, na figili alizochachusha jirani yetu Bi Sawae mwaka huu zina chumvi ya kumtoa mtu machozi, ila hakuna anayethubutu kumwambia. Baba hajambo. Narudia, maana najua umeruka mistari kuitafuta habari hiyo: baba hajambo kabisa.

Barua yako ya haraka niliipata juzi. Umeandika kwamba Bi Sawae amekupigia simu kukuambia kuwa baba ameanguka kutoka paani na kufukiwa na theluji. Umeandika pia kwamba umeshakata tiketi, unakuja kumchukua akaishi kwenu moja kwa moja, na nyumba tuifunge. Sikulaumu. Kabla theluji haijaanza wewe na baba mliahidiana mbele ya picha ya marehemu mama kwamba siku baba atakayokanyaga paa ndiyo siku ya kuhama, na shahidi nilikuwa mimi. Ningekupigia simu, lakini simu yetu iko karibu na sikio la baba, na wewe kwenye simu humwachi mtu akamaliza sentensi. Basi leo mwambie wifi akumiminie chai, ukae, unisikilize mpaka mwisho.

Unajua kwamba mimi sasa ndiye ninayesoma tahadhari kwenye vipaza sauti vya kijiji, asubuhi na jioni. Kazi naipenda, ila inanitia aibu kwa sababu ya maneno mawili. Karatasi kutoka mjini zinaandika “theluji nyingi” kila mara, na huku kwetu, kama unavyokumbuka, mtu haiiti theluji nyingi mpaka aanze kuingia nyumbani kwake kwa dirisha la ghorofani. Sina ruhusa ya kubadilisha neno. Kwa hiyo nikisoma, bonde zima linacheka. Bi Sawae aliniuliza dukani, mbele za watu, kama hiyo nyingi yangu imeshatoka mjini au bado inasubiri basi. Na baba hujibizana na kipaza sauti kilicho ukutani kwetu. “Nyingi iko wapi, we binti? Hiyo hata paka hazami!” Kisha nikirudi nyumbani ananiuliza kwa upole kama kazi ilikwenda vizuri.

Hata hivyo ahadi aliishika. Mabuti yake niliyaficha ndani ya pipa la mchele, akayagundua siku ya pili, akayaacha humo humo, akawa ananiuliza kila tukila kama wali wa leo hauna ladha ya mpira. Lakini theluji haikumwonea huruma mtu. Ilianguka mfululizo, ikatulia kidogo, ikaanza tena. Paa likaelemewa, milango ya kusukuma kando ikaanza kukwama. Ule wa chumba cha mama ukagoma kabisa. Vijana wa kusaidia kusafisha mapaa walikuwa na nyumba nyingi mbele yetu, wakasema tuwasubiri hadi Jumapili. Baba akawa anatembea chumba hadi chumba na fimbo, anagonga nguzo na kuzisikiliza, halafu ananitazama mimi.

Siku ya Ijumaa asubuhi nilisoma kwamba jua litatoka na joto litapanda, kwamba theluji ya mapaani italegea na inaweza kuporomoka kwa mara moja, kwamba mtu asipande peke yake, afunge kamba, avae kofia ngumu, awaarifu majirani. Tahadhari hiyo niliisoma vizuri sana. Nikatoka nje, nikakuta mbingu bluu na jua zuri ajabu, na matone yanadondoka kutoka kila upenu.

Yaliyofuata kijiji kinayasimulia hivi. Mzee Kichizo alisubiri binti yake aingie jikoni, akachukua beleshi na ngazi, akapanda bila kamba. Theluji ikakatika juu yake, ikashuka naye kwa kishindo, ikamzika chini ya upenu wa nyuma. Binti akatoka mbio, akamchimbua. Bi Sawae alipofika alimkuta baba amesimama, nywele zimejaa theluji, mikono inavuja damu, na mimi nimekaa chini natetemeka. Baba mwenyewe ndiye aliyemwambia, kabla hajaulizwa, kwamba ameanguka.

Ukaanza ugonjwa wa kifahari. Kaka, ungemwona! Amelala karibu na jiko la mafuta, kitambaa kichwani, na akisikia hatua za mgeni tu anaanza kuugua. Mzee Iwao, ambaye hawajasemezana naye tangu ugomvi wa mfereji wa mpunga, alileta chupa ya pombe ya mchele, akamwita mzee mpumbavu, wakainywa wote wawili mpaka wakaanza kuimba. Zimeletwa keki za mchele, uyoga wa kutiwa chumvi, na samaki wa kukaushwa wa kututosha hadi miti ichanue. Mgeni akiondoka, baba anaketi na kuniuliza amebeba nini.

Sasa ishike barua kwa mikono miwili. Aliyeanguka si baba. Ni mimi.

Nilitaka tu kuupunguzia uzito upande wa chumba cha mama, nirudi chini kabla baba hajapoteza subira na kupanda yeye. Kamba ilikuwa bandani, na mlango wa banda ulikuwa umefukiwa, nikaona uvivu kuuchimba. Na lile jua, kaka! Sisi tuliozaliwa huku tunaogopa tufani, lakini jua likiwaka tunajiona tumesamehewa. Nilikuwa nimetoka kuwaonya watu wa bonde zima juu ya siku kama hiyo, nami nikapanda nikiimba. Nilisikia mlio chini ya miguu, kama kitambaa kinachochanwa, kisha sikuona kitu. Sikuweza hata kukunja kidole. Pumzi ilikuwa inanirudia usoni, na nilidhani nimekufa.

Baba alikuwa ndani. Alisikia kishindo, akaona dirisha limeingia giza, akasubiri anisikie nikitukana, maana ananijua. Hakusikia tusi. Akatoka na soksi tu, akachimba kwa beleshi, na alipogusa buti langu akalitupa beleshi asije akanikata, akaendelea kwa mikono. Alinitoa nikiwa nimevunjika ubavu mmoja, akaniambia kwa sauti ya chini nifunge mdomo, kwa sababu Sawae anakuja.

Baadaye nilimuuliza kwa nini amesema uongo. Alisema kwamba kila mtu anatarajia yeye aanguke, kwa hiyo haimpunguzii kitu. Lakini msomaji wa tahadhari akianguka, nani atamsikiliza tena? Alisema wako wazee wanaoishi peke yao katika bonde hili, wananicheka, lakini wakisikia sauti yangu wanaiacha ngazi ilale. Nikamuuliza, na ile ahadi ya kuhamia Miyazaki je? Akasema Miyazaki hakuna theluji, wala milango inayokwama.

Nilinyamaza, kaka, nakiri. Nilinyamaza mpaka barua yako ilipofika. Nilimsomea. Hakubisha hata neno moja. Jana nimeingia chumbani kwa mama nikamkuta amepiga magoti, anaifunga picha ya mama kwenye kitambaa, kwa ajili ya safari. Nilitoka nje nikalia, na ubavu ukauma vibaya sana.

Leo asubuhi nimesoma tahadhari kama ilivyoandikwa, kisha sikuizima mashine. Nikasema kwamba aliyeanguka kwa Mzee Kichizo si Mzee Kichizo, ni Mitsue, huyu huyu anayewasomea, na kwamba alipanda peke yake, bila kamba, siku aliyowakataza wenzake. Mkuu wa ofisi ya kijiji alinitazama, akashusha macho kwenye kikombe chake cha chai. Hakuna aliyecheka. Nilipotoka nilimkuta Mzee Iwao mlangoni, anauliza kama ofisi ina kamba ya kuazima.

Baba amenikasirikia. Anasema nimemkatia samaki. Lakini nimemwona akiirudisha picha ya mama mahali pake, akarudi nyuma hatua moja kuitazama, kisha akaisogelea tena akainyoosha.

Kwa hiyo kaka, ahadi haijavunjwa. Baba hajakanyaga paa. Ikiwa unakuja kumchukua aliyeanguka, basi unanichukua mimi, na mimi siendi. Tiketi usiirudishe, lakini. Njoo na mabuti, kuna mabeleshi mawili, na banda nimeshalichimbua.

Nisalimie wifi na watoto, uwabusu mashavuni. Baba naye anakusalimu. Nilimpa kalamu aandike mstari mmoja, amekataa, anasema mgonjwa hashurutishwi.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mbavu pungufu,
Mitsue