Ufagio wa Mama na Maua Yaliyojiotea

Jumanne, kambini Rubondo

Leo shuleni nilikuwa nawaza ufagio wa Mama tu. Mbegu za maua yangu ya njano ya msimu uliopita zimejiotea zenyewe mbele ya mlango, na Mama hufagia ua kila asubuhi mpaka udongo ubaki mtupu, kwa kuogopa nyoka. Niliona haya kumwomba aiache miche. Maua hayaliwi.

Niliporudi, mistari ya ufagio ilikuwa imeizunguka miche yote.

"Mama, mahali hapa hukufagia?"

"Ile fasi nilichoka," akasema kwa Kiswahili cha kwao, bila kuniangalia. "Na usibimwangie mayi. Pampu ya mayi iko mbali. Bitajikomalia byenyewe."

Nikaenda kuosha vyombo bila kutumwa, kwa sababu asante haikutoka.