Matairi Mapana ya Pijo la Baba

Dada yangu Felista,

Jumamosi Kaka Gervas alikuja nyumbani na jeki mkononi. Hakupiga hodi. Mama alikuwa barazani anachambua maharage, mimi nafua. Kaka alitupita bila salamu, akaenda moja kwa moja kwenye Pijo, akapiga magoti mbele ya gurudumu na kuanza kulegeza nati.

Nikajua watu wamemjaza maneno. Tangu tukuzike, wapo wanaosema umeuawa na matairi yako. Mimi niliyelala sakafuni pembeni ya kitanda chako wodini najua ni figo. Lakini hapa Mpanda habari ya figo haina utamu. Habari ya mwanamke aliyekata gari la marehemu baba yake, hiyo ndiyo inayotembea.

Kwa hiyo nakuandikia. Nataka tuyakumbuke wawili jinsi yalivyokuwa.

Ulizileta zile rimu kutoka Mbeya umezifunga kwenye khanga. Fundi Shija alizipima kwa kiganja, akatikisa kichwa. "Ni pana mno, dada. Zitakula madigadi."

"Basi kata madigadi."

Alikuangalia kama anayesubiri ucheke. Hukucheka. Mashine ya kukatia ilipoanza kulia kwenye mabati hayo ya juu ya tairi, Kaka Gervas alitoka ndani mbio, shati halijafungwa vifungo. "Felista! Unamkata baba!" Ulisimama palepale, cheche zinaruka karibu na sketi yako. Kazi ilipokwisha, lile Pijo 504 lilikuwa limekaa chini, limetanua miguu kama chui anayetaka kuruka. Ukalizunguka huku unacheka peke yako. Nilikuuliza unacheka nini, ukasema, "Nimelipenda tu. Lazima kuwe na sababu?"

Sababu haikuhitajika. Ila Shija alikuwa ameweka spesa, vile visahani vya chuma vya kusogeza rimu nje zisikwaruze kwa ndani. Hizo ndizo zilizotuponza.

Siku tuliyotoka Kasansa na mpunga wa mama, buti lilikuwa limejaa magunia na nyuma ya gari imedidimia. Tulipoingia kwenye hifadhi ya wanyama nikaanza kusikia harufu ya mpira unaoungua. Mama naye aliisikia. Vioo tulikuwa tumevifunga kwa ajili ya mbung'o, kwa hiyo ilibaki mle ndani pamoja nasi.

"Feli, kuna kitu kinaungua," mama akasema.

"Ni tairi inagusa, mama. Naenda polepole."

Halafu usukani ukaanza kukutetemeka mikononi. Niliona unavyoubana, mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Lori lilikuja mbele yetu na vumbi lake, ukasogea pembeni, na hapo tukasikia mlio kama mtu anayegonga sufuria chini ya miguu yangu. Ukasimama. Ulishuka, ukainama, ukalipapasa gurudumu.

"Nati zimelegea. Nyingine hazipo, na zilizobaki haziwezi kulishika gurudumu na spesa. Shukeni, tairi la akiba liko chini ya magunia."

Mama alitazama huku na huku. "Tushuke humu?"

"Mama, tukisogea tena gurudumu linachomoka."

Tulishusha magunia, mimi na mama, tukayapanga kando ya barabara, wewe unapiga jeki. Ulilitoa lile gurudumu pana na spesa yake, ukaweka lile jembamba la baba. Ulikuwa umeanza tu kushikisha nati zilizobaki kwa vidole niliposikia matawi yanavunjika.

Tembo alitoka kwenye miti upande wa magunia. Mmoja, mkubwa, pembe moja fupi. Aliinua mkonga akanusa. Mpunga mpya, Felista. Tulikuwa tumemwandalia karamu.

Mama alinivuta nikaingia ndani ya gari. "Feli, ingia," akanong'ona. "Mwanangu, acha hiyo, ingia."

Wewe ulisema bila kugeuka, "Nikiingia, tutaondokaje?"

Nilikuona kupitia mlango ulioachwa wazi. Ulipiga goti pale, mgongo kwa tembo, unazungusha nati kwa vidole taratibu kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa. Hukutumia spana hata mara moja, ili chuma kisilie. Mama aliacha Kiswahili, akawa anaomba kwa Kipimbwe cha kwao, maneno yanamtoka yamekatika. Tembo alikanyaga gunia la kwanza, likapasuka. Akapiga masikio. Nilimsikia akipumua. Ulisimama kidogo, ukaegemeza paji la uso kwenye madigadi, pale pale palipokatwa, ukavuta pumzi, kisha ukaendelea.

Ulipoteremsha jeki, ilipiga mlio. Tembo akageuka. Akasogea hatua, vumbi likapanda. Ukaingia, ukawasha. Likashika mara moja. Hatukugeuka kuangalia mpunga. Mbele kidogo, macho yake yalipokwisha kutupoteza, ulisimama ukazikaza zile nati kwa spana.

Tulipofika Sitalike, nje ya hifadhi, mama alishuka akaomba maji. Alipomaliza kunywa alisema, "Hayo matairi yatolewe."

"Tatizo si upana, mama. Ni spesa."

"Sipandi tena."

Na kweli hakupanda. Ulimrudia Shija mkatupa spesa, ukatafuta rimu nyingine, pana vilevile lakini zinazokaa sawasawa zenyewe, ukaweka na springi za kubeba mzigo. Hazikugusa tena kokote. Kila Jumapili ulimfungulia mama mlango, na kila Jumapili alikupita akaenda kanisani kwa bajaji. Hilo lilikuuma, najua, ingawa uliufunga mlango kwa utani.

Sasa nirudi Jumamosi. Nilimwambia Kaka Gervas aache.

"Narudisha gari la baba lilivyokuwa," akasema. "Nyie wawili mlilifanya gari la wahuni."

"Baba alitugawia sisi wawili. Felista akaniachia ufunguo mimi."

"Na wewe unataka likuue kama yeye?"

Niliishika ile spana mkononi mwake, akavuta, nikavuta, watu wazima wawili tunagombania chuma mbele ya majirani. Sijui tungeishia wapi.

Mama alipita katikati yetu, mkoba begani, viatu vya kanisani miguuni. Akafungua mlango wa mbele, akakaa. "Gervas, kaza hizo nati," akasema. "Tedi, nipeleke Sitalike nikamsalimie dada yangu."

Kaka alizikaza. Alizikaza kwa hasira, lakini nilizijaribu moja moja, zilikuwa sawa.

Dada, niliendesha nimeukumbatia usukani. Mama alishika mlango kwa mikono miwili, midomo inacheza bila sauti. Tulipoanza kuyaona mapaa ya Sitalike, akauachia mlango, akainyoosha khanga yake.

"Felista alikuwa anakimbiza zaidi ya hivi," akasema.

Nikakanyaga mafuta.

Pumzika, dada. Mama hajambo.

Mdogo wako uliyemwachia ufunguo,
Tedi